Nani Atamlipa Mkutubi?

Michango ya maktaba huanza na vitu vinavyoonekana. Mmoja anatoa kiwanja, mwingine tofali na mabati, wanafunzi wa zamani wananunua meza na viti, na masanduku ya vitabu yanaanza kufika hata kabla rangi haijakauka ukutani. Utepe unakatwa, hotuba zinasomwa, watoto wanajaa hadi barazani. Mwaka wa pili kufuli linakaa mlangoni siku nne kwa wiki, kwa kuwa kijana aliyekuwa akifungua kwa kujitolea amepata kazi, na aliyeachiwa ufunguo hajui kitabu kipi kimeazimwa na nani. Ndipo lawama zinapoanza: eti watu hawapendi kusoma.

Lawama hizo si za haki. Watu walipenda kusoma kiasi cha kujinyima ili jengo lisimame. Kilichokosekana ni fedha ambazo michango hushindwa kuzitoa karibu kila mahali, yaani malipo ya kila mwezi, mwaka baada ya mwaka, kwa mkutubi, mtu anayeijua kazi ya maktaba. Ninavyoona mimi, mchango wa wananchi una nguvu kubwa unapotumika kuibana halmashauri iiweke maktaba kwenye bajeti yake na kuiacha humo. Ukitumika kuziba pengo la bajeti, unaipa halmashauri ruhusa ya kunawa mikono.

Jambo hili lina historia ndefu. Mwaka 1731 Benjamin Franklin na wenzake huko Philadelphia, katika Marekani ya leo, walianzisha maktaba ya wanachama. Wanachama 50 wa mwanzo walitoa shilingi 40 za wakati ule kila mmoja, kisha shilingi 10 kila mwaka, vitabu vikanunuliwa. Ulikuwa mpango mzuri kwa wenye shilingi 40. Ilichukua miaka 100 na zaidi kidogo mpaka mji mdogo wa Peterborough, katika jimbo la New Hampshire, ulipopiga kura mwaka 1833 kwenye mkutano wa wakazi na kutenga sehemu ya fedha za umma, zilizotokana na kodi ya mitaji ya benki, ili kununua vitabu ambavyo mkazi yeyote angeazima bure. Kati ya Franklin na Peterborough ndipo maktaba ya umma ilipozaliwa. Mtoto wa maskini alipata haki ya kuazima kitabu bila kumwomba mtu fadhila.

Uingereza ilipitisha sheria yake ya maktaba za umma mwaka 1850, na ndani yake kulikuwa na kifungu cha ajabu. Mji wenye watu zaidi ya 10,000 uliruhusiwa kutoza nusu peni kwa kila pauni ya thamani ya majengo, ilimradi theluthi mbili ya walipa kodi waliopiga kura wakubali. Fedha hizo zingejenga, zingewasha taa na kumlipa mkutubi. Kununua vitabu hazikuruhusiwa. Wabunge walidhani vitabu vingekuja vyenyewe kama zawadi. Manchester ilipofungua maktaba yake Septemba 1852, mwandishi Charles Dickens akiwa miongoni mwa wageni, vitabu vilikuwa vimenunuliwa kwa michango, na wafanyakazi wa viwandani walikuwa miongoni mwa waliochanga kidogo walichokuwa nacho. Mwaka 1855 sheria ilirekebishwa, tozo ikapanda hadi peni moja, na vitabu vikaruhusiwa kununuliwa kwa kodi.

Marekebisho hayo husomwa kama kusahihisha kosa, na kweli lilikuwa kosa. Hata hivyo, sheria ile ya kwanza, pamoja na ubahili wake, ilikuwa imeelewa kitu ambacho kamati nyingi za leo hazijakielewa. Wananchi wakiombwa vitabu watatoa vitabu. Wakiombwa mshahara wa mkutubi kwa mwaka wa saba mfululizo, hawatatoa. Kodi iliwekwa mahali ambapo moyo wa kutoa hauwezi kukaa muda mrefu.

Andrew Carnegie, tajiri wa viwanda vya chuma wa Marekani, aliijua hesabu hii vizuri zaidi ya wafadhili wengi waliomfuata. Kuanzia maktaba ya Dunfermline, mji wa Scotland alikozaliwa, iliyofunguliwa mwaka 1883, fedha zake zilijenga maktaba 2,509 duniani, nyingi zikiwa Marekani. Mji uliotaka fedha zake ulitakiwa kutoa kiwanja na kuahidi kutenga kila mwaka, kutoka kwenye kodi, asilimia 10 ya gharama ya jengo kwa ajili ya kuliendesha. Asiyeahidi hakupata kitu. Miji kadhaa ilikataa, mingine kwa kuogopa mzigo wa kila mwaka, mingine kwa uchungu wa damu iliyomwagika kwenye mgomo wa wafanyakazi wa kiwanda chake cha chuma cha Homestead mwaka 1892. Uchungu huo ninauelewa kabisa, kwa sababu fedha za kujenga vyumba vya kusomea zilitoka kwa wafanyakazi waliokatwa ujira. Lakini sharti lenyewe lilikuwa la maana kuliko fedha. Miji isiyokuwa na fungu la maktaba ilijikuta inalo, na fungu likishaingia kwenye vitabu vya hesabu, kulifuta kunahitaji diwani asimame mbele ya watu na kusema analifuta.

Palikuwa na dosari mbili. Ile asilimia 10 ilipimwa kwa bei ya jengo, si kwa idadi ya watu wa kuhudumiwa, kwa hiyo mji uliokua mara mbili ulibaki na wajibu uleule. Pili, hakuna aliyekuwa akifuatilia kwa karibu. Mwaka 1916 mchumi Alvin Johnson, aliyetumwa na shirika la Carnegie kuzitazama maktaba hizo, alirudi na taarifa isiyofurahisha: majengo yalikuwa mazuri, lakini mengi yalikosa wakutubi waliosomea kazi. Mwaka uliofuata misaada ya majengo ilisimamishwa. Yeyote anayechangisha fedha za maktaba leo angeanza kwa kuisoma habari ya Johnson, kwa sababu tofali limeendelea kushinda mshahara tangu wakati ule.

Inafaa kusema kwa nini mkutubi ana uzito kiasi hiki, maana wapo wanaodhani kazi yake ni kukaa nyuma ya meza na kunyamazisha watoto. Fuata kitabu kimoja kilichotolewa kama zawadi. Lazima mtu akikague kama kimekamilika, kama hakina ukungu, kama maudhui yake bado ni kweli. Lazima akigongee muhuri, akiingize kwenye daftari la mali, akipe namba ya somo, akiandike kwenye katalogi kwa jina la mwandishi na kwa mada, akibandike lebo mgongoni, akifunike plastiki, ndipo akipange kwenye rafu. Kikiazimwa lazima ajue kiko wapi na kinarudi lini. Baada ya miaka kadhaa lazima awe na ujasiri wa kukiondoa. Kisha kuna msomaji mwenyewe, anayekuja na swali lisilonyooka: anataka kitabu cha ugonjwa wa baba yake lakini anaona haya kuutaja. Mkutubi mzuri humfikisha huyo kwenye rafu bila kumuumbua. Hakuna sanduku la msaada linaloweza kufanya hivyo.

Na tuyaseme wazi masanduku hayo. Fungua moja yanapofika. Juu kuna riwaya tatu nzuri, zimewekwa pale ili zionekane. Chini yake kuna mwongozo wa programu ya kompyuta iliyokufa zamani, juzuu la nne na la saba la ensaiklopidia ambayo juzuu zake nyingine hazipo, sheria ya kodi ya nchi nyingine, kitabu cha kemia chenye majibu yote yamejazwa kwa kalamu na aliyekitumia, na nakala kumi na moja za kitabu kimoja cha dini. Aliyetuma ana nia njema, na gharama ya usafiri huenda ingetosha kununua vitabu vipya kadhaa kwa lugha ambayo wasomaji wa pale wanaisoma. Maktaba inayoogopa kuwaudhi wafadhili huviweka vyote. Rafu zinajaa, wageni wanasifu, na mtoto anayetafuta hadithi kwa lugha yake anatoka mikono mitupu. Mwaka 1931 S. R. Ranganathan, mkutubi wa India, alitoa kanuni tano za fani yake, na ya tano inasema maktaba ni kiumbe kinachokua. Kiumbe hai hutupa kisichofaa. Kamati ya michango ikitaka kusaidia kweli, na iwe na sera ya maandishi ya vitabu inavyovikubali na inavyovikataa, na imwachie mkutubi neno la mwisho.

Hoja yangu hujibiwa mara moja kwamba serikali nyingi hazina fedha, na kusubiri kodi ni kusubiri milele. Jibu hilo ni zito, silipuuzi. Ila Uingereza imetupa fundisho gumu hata katika nchi tajiri. Baada ya mwaka 2010 serikali kuu ilipopunguza ruzuku kwa halmashauri, maktaba karibu 800 zilifungwa katika muda wa miaka kumi hivi, na mamia nyingine zikakabidhiwa kwa wananchi wanaojitolea. Yote hayo yalitokea huku sheria ya mwaka 1964 ikizitaka halmashauri zitoe huduma kamili na yenye ufanisi. Sheria ilikuwepo, lakini haikutaja kiasi cha fedha wala saa za kufunguliwa, na neno “kamili” likawa linapungua kila bajeti.

Upinzani wa wananchi ulikuwa wa kutia moyo. Januari 2011, katika mji wa Stony Stratford, wakazi walikwenda maktabani na kuazima kila kitabu walichoruhusiwa kwa kadi zao, mpaka vitabu 16,000 vikawa majumbani mwao na rafu zikabaki tupu. Hawakuchangisha hata senti. Walichofanya ni kumwonyesha kila diwani mji usio na maktaba unavyoonekana, kwa kutumia haki yao ya kawaida ya kuazima. Sijui maandamano mengine yaliyolenga shabaha vizuri kama hayo.

Kensal Rise, kaskazini magharibi mwa London, mambo yalikwenda vibaya zaidi. Maktaba hiyo ilifunguliwa na mwandishi Mark Twain mwaka 1900 kwenye ardhi iliyotolewa na chuo cha All Souls cha Oxford. Mwaka 2011 halmashauri ya Brent ilifunga maktaba sita kati ya 12 ilizokuwa nazo, hii ikiwemo. Wakazi walikwenda mahakamani wakashindwa, wakaweka zamu ya kulinda mlango, wakapanga vitabu nje kando ya ukuta. Mei 2012, kabla hapajapambazuka, vitabu vilihamishwa chini ya ulinzi wa polisi. Jengo likarudi kwa chuo, likauzwa na kugeuzwa sehemu kubwa kuwa makazi. Miaka mingi baadaye wananchi walipata nafasi ghorofa ya chini na kuendesha maktaba yao humo, kwa jasho lao wenyewe.

Watu hao wanastahili heshima yote. Lakini kila maktaba inayoendeshwa na wanaojitolea hubeba swali ambalo halmashauri haipendi kulisikia. Kujitolea kunataka muda, na wenye muda mwingi ni wastaafu na watu wa mitaa yenye nafasi. Mtaa ambao kila mzazi anafanya kazi mbili hauna wa kusimama kwenye dawati saa nane mchana. Kwa hiyo ukiacha maktaba zitegemee kujitolea, zitabaki hai pale watu wanapoweza kujinunulia vitabu, na zitakufa pale zinapohitajika kuliko kote. Kodi inayokusanywa kutoka mitaa yote na kugawanywa kwa mitaa yote ndiyo dawa ya hilo, na ndiyo maana Ilani ya Maktaba za Umma ya IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, na UNESCO, ya mwaka 1994 na iliyohuishwa mwaka 2022, inasema maktaba ya umma ni wajibu wa mamlaka za serikali na lazima igharimiwe nazo.

Salinas, mji wa California alikozaliwa mwandishi John Steinbeck, unaonyesha michango ikitumika jinsi ninavyodhani inapaswa kutumika. Novemba 2004 wapiga kura walikataa nyongeza za kodi, na halmashauri, ikiwa na pengo kubwa kwenye hesabu zake, ikaamua kufunga maktaba zote tatu za mji. Mji wa watu 150,000 hivi, na mshindi wa Tuzo ya Nobel ametoka humo, ungebaki bila hata maktaba moja. Wananchi waliunda kundi la kuchangisha. Aprili 2005 waandishi na waigizaji walikusanyika kusoma kwa sauti kwa saa 24. Fedha zilizopatikana zilitosha kufungua milango kwa saa chache tu kwa wiki, na waliozikusanya hawakujidanganya kwamba zingetosha milele. Zilikuwa za kununua muda mpaka kura inayofuata. Novemba 2005 wakazi walipitisha tozo ya nusu senti kwa kila dola ya mauzo, na maktaba zikapata msingi wa kusimamia. Mchango ulikuwa daraja, na waliolijenga walijua ng’ambo ni wapi.

Mfano ninaoupenda zaidi, hata hivyo, uko Kerala, kusini mwa India. Mwaka 1945 mwalimu aitwaye P. N. Panicker aliziunganisha maktaba 47 za vijijini katika chama kimoja, katika eneo lililoitwa Travancore. Zilikuwa maktaba za wananchi, nyingine chumba kimoja tu chenye magazeti na benchi, na wanaharakati wake walitembea kijiji kwa kijiji wakihimiza watu wasome na wakue. Chama kilienea jimbo zima, na mwaka 1975 kikapata tuzo ya UNESCO kwa kazi ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika. Lakini hatua iliyokifanya kidumu ilikuwa ya kisheria. Sheria ya mwaka 1989 iliweka tozo ya maktaba ya asilimia 5 juu ya kodi ya majengo inayokusanywa na serikali za mitaa. Fedha hizo huenda kwenye baraza la maktaba la jimbo, nalo hutoa ruzuku kwa maktaba zilizosajiliwa kulingana na daraja la kila moja. Maktaba hubaki mikononi mwa wanachama na kamati wanazozichagua wenyewe.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba hauwapokonyi wananchi mali yao ili kuwapa fedha. Wanaamua gazeti gani lije, kikundi cha wanawake kikutane lini, mashindano ya kusoma yawe ya nani. Kodi inafanya kazi moja isiyo na sifa, ya kuhakikisha mwezi ujao upo. Na kwa kuwa tozo imeshikamana na kodi ya majengo, inakua majengo yanapoongezeka, bila kumsubiri waziri mwenye huruma. Tamil Nadu, jirani yake, ilikuwa na tozo ya namna hiyo tangu sheria ya Madras ya mwaka 1948, iliyopiganiwa na Ranganathan huyohuyo. Haya si majimbo yaliyosubiri utajiri kwanza.

Hata pale ambapo tozo maalumu haipo, makubaliano yanaweza kuandikwa vizuri. Nairobi, shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, lilichukua kazi ya kukarabati maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 na kwa miaka mingi ikawafungia mlango Waafrika, pamoja na matawi ya Kaloleni na Makadara. Shirika linatafuta fedha na kuendesha shughuli, umiliki umebaki kwa kaunti. Nalipenda hilo la umiliki. Maktaba ya umma ikihamia kwenye jina la taasisi binafsi, hata yenye nia safi, siku taasisi inapoyumba hakuna wa kudaiwa.

Kwa anayekaa kwenye kamati ya namna hii, ningeweka juu ya meza mambo machache kabla ya kuomba senti ya kwanza. Mkataba na halmashauri utaje idadi ya saa za kufunguliwa kwa wiki, zikiwemo saa za jioni na siku moja ya mapumziko, kwa kuwa maktaba inayofungwa wakati wanafunzi wanatoka shule na watu wanatoka kazini imefungwa siku nzima. Utaje nafasi ya mkutubi aliyesomea na ngazi yake ya mshahara. Utaje fungu la vitabu vipya kila mwaka kwa kila mkazi, ili lipande idadi ya watu inapopanda. Kosa la Carnegie lisirudiwe. Na useme kwamba michango itakuwa nyongeza, hivyo halmashauri ikipunguza fungu lake, mchango unasimama mpaka lirudi. Kifungu hiki cha mwisho huwatisha wanakamati, wanaona kama kumwadhibu msomaji. Lakini bila hicho, kila shilingi inayochangwa inampa mtunza hazina sababu ya kukata shilingi upande wa pili.

Wapo wanaopendelea mfuko wa kudumu, fedha ziwekezwe na faida iendeshe maktaba. Ni wazo zuri likipigiwa hesabu. Ukichota asilimia 4 kwa mwaka ili mtaji usiliwe, unahitaji akiba mara 25 ya mahitaji ya mwaka mmoja. Mshahara wa mkutubi mmoja unadai akiba ya mishahara ya miaka 25, ikiwa imekaa benki siku ya kwanza. Jamii zinazoweza kufika hapo ni chache. Mfuko mdogo unafaa kwa vitabu vya watoto, zawadi za mashindano au kiti cha magurudumu cha mlangoni, na kwa hayo ningechangia kwa furaha.

Kazi inayobaki ni ya kuchosha na haina utepe wa kukata. Rasimu ya bajeti ya halmashauri huandaliwa miezi kadhaa kabla ya kupitishwa, na huo ndio wakati wa marafiki wa maktaba kubisha hodi. Wafike na daftari la maktaba: wangapi waliingia kila mwezi, vitabu vingapi viliazimwa, saa ngapi mlango ulifungwa kwa kukosa mtu, maombi mangapi ya vitabu hayakutimizwa. Wafike na barua za wazazi na walimu wakuu wa shule za karibu, kila moja ikiwa na sahihi. Wamwombe diwani wa kata aseme msimamo wake mbele yao, na uandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Wakichelewa hadi bajeti ipite, mkutubi ataambiwa fungu limekwisha, na atakuwa amepoteza mwaka mzima.